Mzee Lei Anbang, Aliyewataka Wakubwa Wasikilize

Tumekusanyika kumsindikiza Mzee Lei Anbang, aliyekuwa mkuu wa tuta linalozuia mto hapa Liutang, mwalimu, mwandishi wa nyaraka za kuwaonya wakubwa, na mume wa Bibi Meng Suyun. Familia imeombwa ieleze maisha yake kwa ufupi. Yeye mwenyewe ufupi hakuupenda. Alisema ni adabu ya mtu aliyekumbuka nguo zake ziko kambani na mvua inakuja. Lakini leo hawezi kutuzuia, na Mchungaji ametupa muda wake mdogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Novemba 1862 hapa hapa Liutang, kusini mwa ziwa Dongting, katika mkoa wa Hunan. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Lei Fuchang, mtengenezaji wa miavuli ya karatasi yenye mafuta, na mkewe Bibi Yin. Baba yake alimpa jina Anbang, maana yake mwenye kuituliza nchi. Bibi Yin alizoea kusimulia kwamba mtoto huyo alilia miezi minne mfululizo, na kwamba mumewe, akiwa amejifunika mto kichwani, alisema, "Aanze basi na nyumba hii, nchi itangoja."

Akiwa na umri wa miaka sita alipelekwa kwa Mwalimu Gan, aliyefundisha watoto nyuma ya hekalu la ukoo wake. Huko ndiko alikokutana na maandishi yaliyomteka maisha yake yote: insha ambazo watumishi wa zamani waliwaandikia wafalme wao kuhusu kodi, vita, njaa na haki. Alistaajabu kwamba mtu asiye na upanga wala shamba aliweza kusimama mbele ya kiti cha enzi na kusema, kwa kuinama sana, kwamba mfalme amekosea, na sababu ni hizi. Alipenda sentensi zao zilizokwenda mbili mbili, zimelingana kama ndoo za mchota maji kwenye mti wa begani. Alipenda hoja zao zilizofungana: ghala likiwa tupu watu hulala njaa, wakilala njaa huhama, wakihama mashamba huota magugu, mashamba yakiota magugu ghala huwa tupu zaidi, na je, hilo si la kuhuzunisha? Zaidi ya yote alipenda namna zilivyoanza. Hakuna insha ya maana iliyoanza na jambo lenyewe. Ilianza na wafalme wa kale, jinsi walivyotawala vema, ikashuka taratibu karne kwa karne, ndipo ikafika kwenye neno zito kuliko yote: "Leo." Baada ya hapo ndipo mtawala alipotakiwa kuona haya.

Mwaka 1883 alifaulu mtihani wa wilaya, akapata haki ya kuvaa kanzu ya msomi. Mtihani wa mkoa, kule Changsha, haukumtendea wema. Aliurudia kila ulipoitishwa, na kila mara alirudi na sanduku lake la wino na kikohozi kipya. Mwaka 1903 serikali ilikwisha kubadili maswali, ikawa inauliza mambo ya utawala, na marehemu aliondoka hapa akitembea kama mtu aendaye kuchukua kilicho chake. Swali lilikuwa: ghala za umma zijazwe namna gani? Alifungiwa katika kibanda cha mtihani pamoja na wenzake, akaanza na wafalme wa kale. Waliomjua wanasema hakuwahi kuandika vizuri vile. Ngoma ya kukusanya karatasi ilipopigwa, bado alikuwa miaka mia tisa nyuma ya swali.

Mitihani hiyo ilipofutwa kabisa mwaka 1905, alifunga madirisha akavaa nguo nyeupe za msiba. Majirani walikuja kutoa pole.

"Poleni jamani," alisema kinyozi Tong Youfu, rafiki yake wa tangu utoto. "Nani tena?"

"Mtihani," alijibu Bibi Suyun, akimwaga maji machafu. "Ulikuwa unaumwa siku nyingi."

Kwa upande wa kazi, tangu 1888 alikuwa mwandishi katika ofisi ya hakimu wa wilaya. Kazi yake ilikuwa kunakili, lakini mara kwa mara aliandika nyaraka zake mwenyewe na kuzipeleka juu: kuhusu ghala, kuhusu kivuko, kuhusu mablanketi ya wafungwa. Zote zilirudi zikiwa na neno moja kwa wino mwekundu: "Imeonekana." Mahakimu walikuja na kuondoka, neno lilibaki lile lile. Marehemu hakukata tamaa. Aliishika karatasi karibu na dirisha, akamwita Tong.

"Hebu tazama mkia wa herufi hii. Mkono ulitetemeka. Ameguswa."

"Mzee Lei, yule bwana alikuwa anakula kamba wa pilipili. Mimi ndiye niliyekuwa namnyoa."

"Hata anayekula anaweza kuguswa."

Shida yake haikuwa cheo wala sifa. Aliwahi kumwambia mkewe kwamba angekufa na furaha kama mtu mmoja tu mwenye mamlaka, mara moja tu, angelisikia onyo mpaka mwisho na kubadili jambo. Familia inaomba neno hili likumbukwe, kwa maana ndilo aliloishi nalo.

Kuanzia 1906 hadi 1918 alifundisha katika shule mpya ya mji. Wapo hapa waliokuwa wanafunzi wake, na bila shaka bado wanaweza kuitikia.

"Mtawala akikosea, nani amwambie?"

"Mtumishi wake!"

"Asiposikia?"

"Amwambie tena!"

"Asiposikia mara ya tatu?"

"Aondoke, akangoje mpakani!"

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya kale aliyoipenda kupita zote. Mtumishi aliyeonya mara tatu bila kusikilizwa alifunga mzigo wake, lakini hakukimbia. Alikaa mpakani mwa nchi akisubiri. Mfalme akimpelekea bangili nzima ya jiwe la kijani, maana yake rudi, nimesikia. Akimpelekea bangili iliyokatwa pengo, maana yake nenda, yamekwisha kati yetu. Marehemu aliisimulia habari hiyo darasani, harusini, na kila mara samaki alipochelewa kuiva.

Alimwoa Bibi Meng Suyun, binti wa wakulima wa mizizi ya yungiyungi, tarehe 12 Februari 1886. Wiki ya kwanza ya ndoa aliona supu imezidi chumvi. Kwa kuwa bibi harusi hakujua kusoma wakati huo, alimsomea waraka wake kwa sauti, amesimama, akianza na jinsi wafalme wa kale walivyokula kwa kiasi. Alipofika kwenye "Leo," supu ilikuwa imeganda.

"Bwana Lei," alisema mkewe, "ukitaka chumvi ipungue, sema chumvi ipungue."

"Anayesema moja kwa moja anatukana. Anayezunguka anaheshimu."

"Basi niheshimu kidogo kidogo, tule."

Mwaka 1899 Bibi Suyun alijiunga na darasa la akina mama hapa misheni, akajua kusoma. Marehemu alifurahi mno, akamwandikia waraka wa karatasi saba kuhusu mahali pa kuanika mboga za kukausha. Ulirudi asubuhi yake umekunjwa vizuri, na chini, kwa mkaa, neno moja: "Imeonekana."

Walijaliwa binti, Wenlan, na mwana, Kegong.

Mwaka 1919 wenye mashamba wa Liutang walimchagua marehemu kuwa mkuu wa tuta. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa yeye wa kuandikiwa. Familia ilikubaliana kwamba sura hii isirukwe, kwa kuwa yeye mwenyewe alikataza.

Alianza vizuri. Kisha likamjia wazo la kusimamisha juu ya tuta jiwe kubwa la bapa, limechongwa insha yake kuhusu maji na utawala, lenye paa dogo la kulikinga na mvua, ili wakubwa wapitao kwa mashua walisome watake wasitake. Wafanyakazi wa zamu ya kutengeneza tuta walipelekwa kwenye jiwe. Mchonga mawe aliletwa kutoka mjini. Wakati huo, karibu na lango la maji la mashariki, upande wa mashamba, ardhi ilikuwa inalowa bila mvua. Kila aliyepita aliona, na marehemu alipita hapo kila siku akitazama juu, kwenye jiwe. Watu wakaanza kunong'ona kwenye nyumba ya chai. Ndipo mtu huyu, aliyewasema kwa miaka arobaini wafalme walioziba midomo ya watu, alipobandika karatasi ukutani kwa mkono wake mzuri: "Hapa hapazungumzwi habari za tuta."

Bibi Suyun aliisoma, akarudi nyumbani.

"Baba Wenlan, kule langoni kunavuja."

"Mama Wenlan, mambo ya maji yana utaratibu wake. Wafalme wa kale…"

"Sikukuuliza ya wafalme. Kunavuja."

Kesho yake alimwambia tena mbele ya Tong, aliyekuwa akimnyoa marehemu paji la uso.

"Kunavuja, Baba Wenlan. Na mto unapanda."

"Jiwe likishasimama nitashughulikia lango."

"Shemeji anasema kweli," Tong alidakia. "Jana bata wa Mzee Kuang walikuwa wanaogelea kwenye shamba la ngano."

"Wewe nyoa."

Siku ya tatu Bibi Suyun aliweka wali mezani, akasimama kama alivyomwona mumewe akisimama miaka yote ile. "Nimesema mara ya kwanza. Nimesema mara ya pili. Hii ndiyo ya tatu. Toa watu kwenye jiwe, wapeleke langoni."

Marehemu aliweka vijiti vyake chini. Alisema jambo ambalo kila mtawala mbaya katika insha zake alilisema: "Nani amekutuma?"

Bibi Suyun aliingia chumbani. Alifunga nguo mbili, kitana na sufuria yake ya kupikia wali katika furushi, akavuka mfereji. Ng'ambo, penye jiwe la mpaka wa mtaa wetu, ilikuwa nyumba ya binamu yake. Aliweka kigoda mlangoni, akakaa akimenya maharagwe, uso umeelekea nyumbani kwake. Kutoka kwenye meza yake ya kuandikia, marehemu alimwona waziwazi. Alifunga dirisha. Akalifungua. Alikuwa hapo hapo.

Liutang nzima ilijua maana ya kigoda kile, kwa kuwa yeye ndiye aliyeifundisha. Wanafunzi wake wa zamani walipita wakimsalimu Bibi Suyun kwa heshima wanazopewa mawaziri. Wauza mboga walimwuliza habari za mpakani. Marehemu alijipikia mwenyewe, na moshi uliotoka jikoni uliwafanya majirani wawili waje na ndoo.

"Mfuate basi," Tong alimwambia siku ya nne.

"Mtawala haendi mpakani. Hupeleka bangili."

"Basi peleka bangili!"

"Nikipeleka nitakuwa nimekubali kwamba nilikosea."

"Kwani hukukosea?"

Marehemu aliinuka. Alivaa viatu vyake vya kitambaa, akaenda peke yake hadi kwenye lango la mashariki. Alisimama upande wa mashamba, mahali ambapo palipasa kuwa pakavu. Akaona maji yakipanda polepole kwenye kitambaa cha viatu, kutoka kwenye unyayo hadi kifundoni. Waliokuwa karibu wanasema alitamka kwa sauti ndogo, bila wafalme wa kale mbele yake, "Kunavuja."

Alirudi mbio. Aliibandua ile karatasi kwenye nyumba ya chai kwa kucha. Aliwaita watu wote watoke kwenye jiwe waende langoni. Halafu alipita kwa mwoka mikate. Bangili ya jiwe la kijani hakuwahi kuwa nayo, lakini aliagiza mkate wa duara wenye tundu katikati, uliopakwa ufuta, aina aliyoipenda mkewe. Akaufunga kwenye kitambaa safi, akamkabidhi Tong.

"Mpelekee Mama Wenlan. Usiseme neno. Atajua."

Tong alikuwa hajala tangu asubuhi. Alifika kwenye daraja la mfereji, harufu ya ufuta ikampata. Kwa akili yake, mkate ni mkate. Alimega kipande kwa meno upande mmoja, kidogo tu, akaufunga tena, akaufikisha kwa uaminifu wote.

Bibi Suyun alifungua kitambaa. Aliutazama mkate wenye pengo. Akaufunga. Maharagwe yalimwagika.

"Vipi, Shemeji? Si mtamu?"

"Nitokee hapa, Tong."

Alisimama, akachukua mkate ule, akavuka mfereji. Hakuingia nyumbani. Alimkuta marehemu langoni, tope limemfika magotini, kanzu imefungwa kiunoni, akipokezana vikapu vya udongo na watoto wa mkulima Kuang. Watu wote waliacha kazi.

"Miaka thelathini na minne, Baba Wenlan! Nimekuzalia, nimekupikia, nimesikiliza habari za wafalme mpaka nawajua kwa tabia. Na unanipelekea hii?"

"Nimekupelekea nzima!"

"Nzima? Hebu iangalie!"

Marehemu aliutazama mkate. Rangi ilimtoka usoni. Aliapa mbele ya watu kwamba ulitoka mikononi mwake ukiwa duara kamili. Mwoka mikate aliitwa, akathibitisha. Macho yote yakamgeukia Tong, aliyekuwa anafika mbio, anahema, na punje moja ya ufuta imegandia kwenye ndevu.

"Njoo hapa," alisema Bibi Suyun. "Fumbua mdomo."

"Shemeji, mbele za watu…"

"Fumbua!"

Akauweka mkate kwenye meno yake. Pengo lililingana na mdomo wa Tong hata pale palipokosekana jino lake la mbele.

"Mimi nilijua ni chakula!" Tong alilia. "Mngeniambia ni siasa nisingeugusa!"

Inasemekana kicheko cha siku hiyo kilisikika hadi kwenye kivuko. Lakini maji hayakucheka. Udongo uliomwagwa ulikuwa unaondoka kadiri ulivyowekwa, na mkulima Kuang akapiga kelele kwamba bila kitu kizito cha bapa cha kuukandamiza, hauwezi kushika. Bibi Suyun alitazama juu ya tuta.

"Na lile jiwe lako?"

Lilikuwa limelala kwenye magogo, tayari kusimamishwa. Mchongaji alikuwa amemaliza wafalme wa kale wote, alikuwa anajiandaa kuanza "Leo." Watu wengine waliinamisha macho. Walijua ni kitu gani anachoombwa. Lilikuwa insha yake pekee ambayo isingerudishwa na wino mwekundu.

Marehemu alipanda, akapitisha kiganja chake juu ya maandishi, mstari wa kwanza hadi wa mwisho uliokuwepo. Kisha akashuka na kuwaambia vijana, "Lichukueni."

"Tuliweke uso juu, Mwalimu?"

"Upande uliochongwa ndio wenye mikwaruzo. Utashika udongo vizuri. Uso ndani."

Lilishika. Mto ulipanda mwaka ule kuliko miaka mingi, ukapita, na Liutang ikavuna. Jioni ile mume na mke walirudi nyumbani pamoja, sufuria ikiwa mkononi mwa mume, wakagawana mkate uliobaki. Tong hakualikwa, lakini alikuja.

Tangu hapo hadi alipostaafu mwaka 1930, marehemu alikaa langoni kila mwanzo wa mwezi, akawaita watu wamweleze makosa yake. Aliambiwa mengi. Aliambiwa zamu hazina usawa, akazipanga upya. Aliambiwa anatembea polepole. Mjane mmoja alilalamika kwamba kofia yake inatisha kuku, akabadili kofia. Alibatizwa katika kanisa hili mwaka 1924, baada ya Mchungaji kukubali kupokea waraka kuhusu urefu wa mahubiri. Mchungaji aliusoma mpaka mwisho, na mahubiri yalipungua. Tunamshukuru kwa niaba ya wote.

Mwezi wa Oktoba mwaka jana kifua kilianza kumsumbua. Alitibiwa nyumbani, kisha katika zahanati ya misheni. Pumzi ilipopungua, sentensi zake zilifupika, jambo lililowatia hofu wote waliomjua. Asubuhi ya tarehe 9 Machi 1934 alimwomba mkewe aketi karibu.

"Mama Wenlan, una neno lolote juu yangu? Sema, nasikiliza."

"Ninayo mengi."

"Basi uyaseme yote. Usinizungukie."

Bibi Suyun alianza na chumvi ya mwaka 1886. Alisema bila kuharakisha, mwaka kwa mwaka, na marehemu alitikisa kichwa kukubali, mara mbili akataka kujitetea, akajizuia. Alipofika mwaka wa tuta alimkuta ametulia, macho yamefumba, mkono umeshika wake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja.

Ameacha mjane, Bibi Meng Suyun, binti yake Wenlan, mwalimu huko Changsha, na mumewe, mwanawe Kegong wa shirika la reli, na mkewe, wajukuu watano, mdogo wake, Bwana Lei Anmin, wanafunzi wengi, na rafiki yake Tong Youfu, ambaye asubuhi hii amemnyoa kwa mara ya mwisho bila malipo na bila kula chochote.

Kwa agizo lake, wasifu huu usimalizike kwa sifa. Alitaka kwamba kabla kifuniko hakijashushwa, kila mwenye lalamiko juu yake asogee amwambie, waziwazi, pasipo kuanzia mbali. Mstari umeanzia upande wa kulia wa jeneza. Bibi Suyun ndiye wa kwanza. Anasema alikuwa hajamaliza.

Asikilize kwanza, kisha apumzike kwa amani.